Rivyu ya kitochi cha elfu 35: miezi miwili nikijaribu kuiacha kazi ibaki ofisini

Wakuu, najua mtu akisema anaandika rivyu ya simu mnategemea kamera, ram, na kama inacheza gemu bila kuganda. Hii haina hata kimoja. Hiki ni kitochi, simu ya batani, kioo chake kidogo kuliko kiberiti, ina tochi na redio basi. Nimekitumia miezi miwili na siku kadhaa, na niliahidi nikimaliza miezi miwili nitaandika mazuri na mabaya yake, maana nilipotafuta mtu aliyekitumia kwa shida niliyonayo mimi sikumpata, wote wanaongelea betri tu.

Kwanza mjue kwa nini mtu mwenye tachi yake nzima anaenda kununua kitochi. Mi nafanya kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kliaringi na fowadingi, na aliyewahi kuifanya hii kazi hahitaji maelezo. Kontena likishushwa kuna siku zake chache za bure, zikiisha storeji (hela ya kukaa bandarini) inaanza kuhesabu huku na demaraji (hela ya kuchelewa na kontena la wenye meli) inahesabu kule, kila siku, haijali Idi wala mvua ya masika. Mteja hizo tofauti hazijui, ye anajua we ndo unamchelewesha. Kwa hiyo anapiga saa tatu usiku, anatuma voisi noti ya dakika nne, kwenye grupu la ofisi bosi anauliza "nani ana apdeti ya ile futi 40", halafu kuna wauzaji wa China, wale wako mbele yetu masaa matano, wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi yao kwangu Tabata ni saa kumi alfajiri na simu inaanza kutetemeka kwenye stuli pembeni ya kitanda. Nimeishi hivyo miaka sita na nilikuwa najiona mchapakazi.

Sasa kuna siku narudi nyumbani nakuta mama Nasra anapanga nguo kwenye begi. Namuuliza safari ya wapi hiyo. Akaniangalia kwanza.

"Naenda Muheza kwa mama."

Kuna nini tena Muheza?

"Baba Nasra, juzi si nilikwambia mama anatolewa mtoto wa jicho? Nikakuuliza utaweza kubaki na watoto siku tatu."

Nikasema hukuniambia. Akasema, "Nilikwambia, ulikuwa umekaa hapo hapo na simu yako. Ukanijibu, poa, nitumie invoisi."

Dah.

Mbaya zaidi ile invoisi niliikumbuka. Ilikuwa ya mteja wa vigae, hadi jumla yake ningeweza kuitaja pale pale, ila jicho la mama mkwe wangu halikuwepo kabisa kichwani. Na mwenzangu hakuwa amekasirika, hicho ndo kilinitisha, alilisema kama mtu anavyokwambia nyanya zimepanda bei. Akaendelea kukunja khanga.

Kuna jamaa tulikuwa nae ofisini ambae ndoa yake ilifika kwenye baraza la usuluhishi la kata. Si mnajua kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida huwezi kukimbilia mahakamani kudai talaka kabla hamjapita kwenye baraza. Yule jamaa alikuwa anatusimulia kwamba yeye alienda amejiandaa kujibu mambo ya michepuko maana hana mchepuko, alikuwa na uhakika anashinda, kumbe mke kalalamika kitu kimoja tu kwamba huyu mtu haongei na mimi, na mzee mmoja wa baraza akawauliza mara ya mwisho mmekula meza moja lini, wote wawili wakabaki wanaangaliana. Tulicheka sana siku ile ofisini. Usiku ule wa begi la Muheza sikucheka.

Basi Jumamosi nikashuka Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Muuzaji ananiuliza kaka hii ni ya bi mkubwa kijijini eeh? Nikamwambia ndio, niliona aibu kusema ni ya kwangu. Alianza na 45,000 tukamalizana 35,000 na chaja yake ndani, betri ni ya kutoa, laini mbili. Ushauri wa bure kwa anaenunua simu yoyote pale, hata hizi za bei chee: kabla hujatoa hela bonyeza *#06# itatoka IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zile tarakimu 15, itume kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa hiyo namba ni ya simu gani, ukiona jibu halifanani na kilichopo mkononi rudisha simu, ondoka. Msione ni mbwembwe, Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki kwa usiku mmoja, jirani yangu aliamka na kipande cha plastiki cha laki mbili.

Laini mpya haikuchukua hata robo saa, namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na kidole. Ukishamaliza piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, mi nilikuta moja siijui nikaenda ikafutwa.

Mpango ulikuwa hivi: nikifika nyumbani simu kubwa inazimwa inaingia kabati la vyombo, kitochi ndo kinabaki hewani, namba yake wanayo watu watano tu, mke, mama yangu, dada yangu wa Mbagala, jirani na bosi. Bosi nilimwambia hiyo ni ya moto na ajali.

Kama simu

Nianze na hili maana kuna wengine humu wanataka simu tu, hawana ugomvi na wake zao.

Betri ni kweli yale wanayosema, nachaji Jumapili jioni mpaka Alhamisi ipo, na mi siyo mtu wa kuongea kidogo. Mtandao unashika hata yale maeneo simu kubwa inahangaika. Sauti ya spika ni kubwa kupita kiasi, ukipigiwa kwenye daladala abiria wote wanajua dada yako anadai hela ya kikoba. M-Pesa unaingia *150*00# kama kawaida, hakuna unachokosa, kulipa, kutoa, kununua luku ya umeme, vyote vinapita. Redio inataka earphone ndo ishike, hilo linaudhi kidogo.

Mabaya ya mwili wake: batani ya 5 na ya 8 maandishi yameanza kufutika wiki ya tano. Kuandika meseji ni mateso, nimerudi kuandika "xaxa" na "2taonana" kama kijana wa sekondari mwaka 2009. Na tochi inajiwasha. Batani ya tochi iko juu kabisa, ukikiweka mfukoni kinawaka, unatembea barabarani paja linang'aa watu wanakuangalia. Hiyo tochi nitairudia.

Kingine, msije mkauziwa vile vitochi vya 4G vyenye intaneti mkasema ndo bora zaidi. Ni simu nzuri ila kwa kazi hii ni sawa na kuacha pombe ukahamia kwenye togwa iliyochacha. Kitu kikiwa na grupu ndani kimeshashindwa.

Kama dawa

Hapa ndo kwenye maneno.

Wiki ya kwanza nilidanganya, nasema ukweli. Simu kubwa iko kwenye kabati, mi najifanya natafuta glasi, naichomoa naingia nayo chooni. Nikawa mtu wa kwenda chooni mara nne usiku mpaka mama Nasra akaniuliza kama tumbo liko sawa anisongee uji. Siku ya tano nikajisahau nikafungua voisi noti na sauti ikatoka yote, mteja analalamika, na mwanangu Idrisa wa miaka mitano alikuwa mlangoni anasubiri kukojoa. Akakimbia sebuleni, "Mama, chooni kuna mtu anadai kontena!"

Kuanzia kesho yake simu kubwa inalala ofisini, kwenye droo, na funguo ya droo naiacha kwa mlinzi. Nimeona kwa mtu kama mimi hakuna njia ya katikati.

Wiki ya pili na ya tatu ndo nikagundua kitu ambacho muuzaji wa Aggrey hawezi kukwambia. Simu haipo, meseji haziingii, lakini nimekaa kwenye kochi natazama taarifa ya habari na sisikii hata neno moja, nahesabu siku za kontena. Natafuna chakula bila kujua ni mboga gani. Nasra ananionesha hesabu za shule namwambia vizuri, vizuri, kumbe kakosea zote ananionesha makosa. Na hasira bado zipo, tena mbaya zaidi kwa sababu sasa sina pa kuzipeleka, zamani ningemjibu mteja kwa kifupi nikapoa, sasa nikamgeukia samaki. Nilisema mbele ya wote, huyu samaki kakaangwa au kazikwa kwenye chumvi? Dada wa kazi akainuka na sahani yake akaenda kulia jikoni. Siku hiyo mchana nilikuwa nimetukanwa na mtu kwa sababu ya makosa ya kwenye nyaraka ambayo wala sikuyafanya mimi. Samaki alikuwa sawa tu, nilimmaliza.

Mama Nasra aliniambia usiku kwamba bora ungerudi na hiyo simu, angalau tulikuwa tunajua unagombana na nani.

Nikafikiria kukiuza. Kwa elfu 20 ningepata mtu.

Kilichonirudisha ni kitu nilikisoma mchana ofisini. Kuna utafiti wa Marekani wa 1989, wa mwanasaikolojia anaitwa Rena Repetti, alichukua wale waongoza ndege wa uwanjani, wanaokaa na rada, akafuatilia siku zao za kazi na jioni zao nyumbani na wenza wao. Nikasema hawa wanafanana na mimi, nao wanahesabu vitu vinavyoingia. Alikuta siku ambazo kazi ilikuwa nzito wakifika nyumbani wanajivuta pembeni, wananyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa kunaenda pamoja na hasira kupungua, hasa kwa wale ambao mwenza anawaelewa na kuwaachia nafasi. Yaani ile kuingia kimya siyo ugonjwa. Ila mwenza anapaje nafasi kama hajui unaihitaji? Mi nilikuwa nanyamaza tu kama ukuta na mwenzangu kazi yake kubahatisha.

Nikamwambia jioni ile, tena nikiwa bado mlangoni sijavua viatu, leo nimechoka vibaya, naomba nusu saa halafu nitakuwa sawa. Akasimama na mwiko mkononi. "Sasa si ungekuwa unasema hivyo siku zote? Mi huwa najua umenikasirikia mimi, naanza kutafuta nimekosea wapi."

Miaka sita mtu anatafuta amekosea wapi. Sikulala vizuri.

Basi siku hizi nikifika kuna nusu saa yangu, naoga, nakaa kibarazani na kikombe cha tangawizi, kitochi mfukoni kinanimulika paja, hakuna anaeniuliza kitu. Idrisa huwa anakuja kukaa pembeni ananyamaza na yeye, kwa kuniigiza, anatikisa kichwa kama mzee. Ikiisha naingia ndani nakuwa mtu. Kuna siku nusu saa haitoshi nasema niongezeeni, na kuna siku sihitaji kabisa. Hii sehemu haiuzwi Kariakoo, ila bila kitochi ile nusu saa ingekuwa ya kujibu meseji, ndo maana nakipa sifa yake.

Luku

Hii ndo siku niliyokubali kwamba hela yangu haikupotea. Ilikuwa saa tatu usiku umeme ukakata, kumbe ni luku imeisha. Zamani ningenunua kwa simu kubwa, na nikishaishika ndo basi tena, ningekuja kuiachia saa tano. Nikanunua kwa kitochi, tokeni ikaja kwa meseji, zile namba 20, ila kioo ni kidogo huwezi kusoma huku unabonyeza. Ikabidi mama Nasra asome mi nibonyeze, na cha kumulikia mita ni kitochi hicho hicho, yaani akisoma hamuliki na akimulika hasomi. Akawa anasoma nne nne, anazishika kichwani, anageuza kitochi ananimulika, ananitajia. Tukakosea. Tukarudia. Mara ya pili nikasikia nane kumbe kasema nne, ananiambia baba Nasra we na masikio yako, nikamwambia we ni mwalimu gani unasoma namba kwa kunong'ona, akaanza kucheka, ukimjua akicheka haachi, akakaa chini kabisa kwenye korido giza lote lile anacheka mpaka analia, watoto wakaja na wao wanacheka bila kujua wanacheka nini. Umeme ukarudi mara ya tatu. Ilituchukua kama dakika kumi kuingiza luku ya elfu tano.

Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo muda mrefu sana.

Madaftari

Umeme uliporudi ndo nikayaona. Kwenye kochi upande wake kuna rundo la madaftari ya wanafunzi, makava yale ya kaki, kalamu nyekundu juu yake. Nikamuuliza haya ya nini. Akasema ya kusahihisha. Nikauliza unasahihishia nyumbani siku hizi? Akaniangalia kwa muda halafu akasema taratibu, "Ndo umeyaona leo?"

Mke wangu anafundisha darasa la nne, wale wana upimaji wa kitaifa mwisho wa mwaka, darasa lake lina watoto 87. Madaftari yanakuja nyumbani kila siku, yamekuwa yakija miaka yote hiyo, anasahihisha mpaka saa tano huku mi nimekaa kochi hilo hilo naongea na wauzaji wa Guangzhou, China. Na yeye ana mwalimu mkuu wake na ana grupu lake la walimu ambalo linaita usiku, na wazazi wanaompigia kuuliza kwa nini mtoto kapigwa. Mimi nikirudi na stresi nyumba nzima inajua, dada wa kazi analia, samaki anatukanwa. Yeye za kwake anaziweka wapi? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, "Nazisahihisha."

Siku hizi mi nasahihisha hesabu, za kujumlisha na kutoa naziweza, Kiswahili ananinyima anasema nawaonea watoto.

Hasara

Nisipoandika hii nitakuwa muongo. Mwezi wa pili nilipoteza mteja. Alituma meseji saa tatu na dakika arobaini usiku kwamba kuna karatasi imekosewa jina, mi niliiona asubuhi saa moja na nusu. Ukiniuliza kitaalamu, hakuna ambacho ningefanya usiku ule, ofisi zote zimefungwa, nilichofanya asubuhi ndo kile kile ningefanya asubuhi. Lakini yeye hakutaka kitu kifanyike, alitaka ajibiwe. Akahamia kwa wakala mwingine. Bosi akaniita.

Nilikuwa nimejiandaa maana dada mmoja wa rasilimali watu aliwahi kunionesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Imeandika saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, na kuna mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Hesabu mwenyewe, kama meseji ya mwisho umejibu saa nne usiku na ya kwanza unajibu saa kumi alfajiri hayo ni masaa sita. Angalizo, kama wewe ni meneja una watu chini yako na unaripoti kwa wakubwa wa juu moja kwa moja, vile vifungu vya masaa havikuhusu, usiende kichwa kichwa. Ufaransa wao toka Januari 2017 sheria inazitaka kampuni za watu 50 kwenda juu wakae na wafanyakazi wajadiliane haki ya kutopatikana baada ya kazi. Kwetu sijakutana na kitu kama hicho kwa jina lake, lakini hizo saa 12 zipo.

Sikuitaja sheria hata hivyo. Nilipofika pale nilimwambia bosi tu kwamba mke wangu aliniambia mama yake anapasuliwa jicho nikamjibu nitumie invoisi. Bosi alinyamaza. Akaangalia simu yake, ilikuwa inaita, akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Akasema basi tafuteni utaratibu wa zamu. Sasa hivi tuko wanne, kila mmoja anashika simu ya ofisi wiki moja kwa mwezi, wiki yangu inakuwa wiki ngumu nyumbani na nawaambia mapema kama mtu anavyotangaza mgeni. Na kamisheni ya yule mteja nimeikosa, hiyo hairudi, ilikuwa ya ada ya Nasra.

Kingine kibaya: ile namba ya watu watano sasa wanayo kumi na mmoja. Sijui imetokaje. Yaani najua, wawili niliwapa mwenyewe, mteja mkubwa akikuomba kwa adabu utamnyima? Nikiona wamefika ishirini nabadilisha laini.

Nani asinunue

Daktari, fundi wa umeme wa zamu, mtu yeyote ambae simu ya usiku ni uhai wa mtu, wewe hii haikuhusu. Mwenye biashara yake mwenyewe pia ni ngumu, mteja wa usiku ndo ugali wa kesho. Na kama shida yenu nyumbani ni nyingine, pombe, au mkono mwepesi, usinunue simu, tafuta msaada, ustawi wa jamii wapo, dawati la jinsia polisi lipo.

Ila kama we ni mtu wa ofisini na nyumbani watu wanakusikilizia, ninyi mnajijua. Mi sikujua kama nasikiliziwa. Wiki iliyopita nimeingia, nimefunga geti, Idrisa akaniambia, "Baba leo komeo halijalia." Nikamuuliza komeo linaliaje. Nasra ndo akanieleza, ana miaka kumi na mmoja huyu, akanieleza kawaida tu huku anachonga penseli: ukilifunga kwa nguvu tunaenda chumbani, ukilifunga pole pole tunabaki sebuleni. Wana utaratibu wao siku nyingi, hata dada wa kazi anaujua.

Komeo nimelipaka grisi. Najua siyo dawa, ila nimelipaka.

Nyota sasa. Nilikuwa nimeandika nne kati ya tano. Nimemsomea mama Nasra hii yote, hapo kwenye samaki akasema ongeza kwamba hujamuomba dada msamaha mpaka leo (nimemuomba, sasa hivi, amecheka tu). Kuhusu nyota amekataa, anasema ni tatu, kwa sababu ya ile tochi, usiku nikigeuka kitandani inajiwasha inammulika machoni. Basi ni tatu. Na ameniambia Jumamosi nikishuka Kariakoo nimchukulie na yeye cha kwake, ila nitafute chenye batani ya tochi pembeni. Kama kuna anaejua duka lenye hivyo Aggrey au Msimbazi aniambie, bei isizidi 40.